Gemu limegoma: soma kwanza, ndipo utafute fundi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa kuwa wasikilizaji kadhaa wameomba majina ya mafaili yaandikwe ili wayakate na kuyatunza.)

 

Leo nawaomba radhi mapema wazee wangu, kwa sababu nitazungumzia michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huiita gemu. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji amekosa la kusema. Nchi ina mambo mazito, naye anatuletea michezo ya watoto. Naomba mnivumilie. Ndani ya habari hii mna godoro la mwanafunzi, mna fedha za bibi kizee, na mna mwizi. Aidha, mna kosa langu mimi mwenyewe, nalo nitalieleza bila kulificha.

Miezi michache iliyopita, jioni moja, nilipigiwa simu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda kidato cha tano. Katika kusubiri huko alikuwa akiuza duka la jirani, akaweka akiba yake kidogo kidogo, hata akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Mchana aliwachapia majirani barua na matangazo kwa malipo madogo. Usiku alicheza gemu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Habari za huko?"

"Nzuri, ila kompyuta yangu imekufa."

"Imekufa vipi? Haiwaki?"

"Inawaka."

"Barua unachapa?"

"Nachapa."

"Sasa kilichokufa ni nini?"

Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaeleza. Rafiki yake alimpa gemu la mbio za magari, la zamani kidogo, ambalo watengenezaji wake wanalitoa bure. Alilinakili kwa flashi, akaliweka kwenye kompyuta yake, akalibonyeza lifunguke. Halikufunguka. Kilitokea kidirisha kidogo chenye maneno ya Kiingereza, akakifunga. Akabonyeza tena, kikatokea tena. Akaibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja. Fundi yule aliitazama kwa muda usiozidi wa kumaliza soda, akasema kadi ya picha imeungua, itakiwayo ni shilingi 120,000.

Ndugu wasikilizaji, shilingi 120,000 mtoto yule hakuwa nazo. Mama yake ndiye aliyekuwa nazo, nazo zilikuwa fedha za godoro na sare za kidato cha tano. Mama, kwa kuona jinsi mwanawe anavyohangaika na jinsi kompyuta ile inavyomwingizia senti, alikuwa tayari kuzitoa.

Nikamwuliza mpwa wangu, "Kile kidirisha kilisema nini?"

"Maneno ya Kiingereza tu, mjomba. Huwa nakifunga."

"Usikifunge. Kifungue tena, unisomee."

Akasoma polepole. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa hii: programu haiwezi kuanza kwa sababu faili liitwalo d3dx9_43.dll halimo katika kompyuta yako. Jaribu kuisakinisha programu upya.

Nikamwambia asitoe hata senti moja, kadi yake ni nzima. Nililijua hilo kwa sababu miaka kadhaa iliyopita programu yetu ya kukatia sauti pale studio iligoma kwa ujumbe wa namna hiyohiyo, na fundi mitambo wetu alinieleza kisa chake. Nikamwahidi mpwa wangu kwamba Jumamosi nitakwenda kumtengenezea. Jumamosi ilipofika nilikuwa na kazi, sikwenda. Jumamosi ya pili pia sikwenda. Hilo ndilo kosa langu, na matunda yake mtayasikia.

Kwanza niwaeleze ujumbe ule una maana gani.

Katika mitaa yetu hakuna nyumba inayonunua sufuria la pilau la watu 300 kwa ajili ya harusi moja. Masufuria hayo ni ya mtaa mzima. Yapo ya msikiti, yapo ya kanisa, yapo ya chama cha akina mama. Mwenye harusi huyaazima, na mpishi wa shughuli huja na ujuzi wake na mwiko wake tu, akiamini kwamba masufuria atayakuta. Asipoyakuta, hata awe hodari namna gani, hapiki. Hilo halina maana kwamba mpishi ni mgonjwa, wala kwamba jiko limeharibika.

Programu za kompyuta nazo huishi hivyo. Anayeandika gemu haandiki kila kitu tangu mwanzo. Kazi za kufungua mafaili, kupiga hesabu, kupanga maneno na kuchora maumbo kwenye kioo zimekwisha kuandikwa na wengine na kuwekwa katika mafaili ya pamoja, ambayo programu nyingi huyatumia. Wataalamu huyaita maktaba. Katika Windows, majina ya maktaba hizo kwa kawaida huishia na herufi tatu: DLL. Unapofungua gemu, Windows husoma orodha ya maktaba ambazo gemu linazihitaji ili lianze. Huzitafuta katika folda ya gemu lenyewe na katika folda za mfumo. Ikiikosa hata moja, hulizuia gemu lisianze kabisa, na hutoa kile kidirisha.

Sikilizeni hapo vizuri, maana ndipo penye uongo wa fundi yule. Gemu lilizuiwa mlangoni, kabla halijaiomba kadi ya picha ifanye lolote. Kadi iliyoungua huweza kukupa kioo cheusi, mistari ya ajabu, au kompyuta kuzimika katikati ya mchezo. Kadi iliyoungua haikutajii jina la faili lililopotea. Kidirisha kikikutajia jina la faili, kompyuta imekwisha kukuambia inachokosa, na mtu anayekuuzia kifaa bila kulisoma jina hilo amekuuzia dhana yake.

Pengine mtauliza, kwa nini Windows isije na maktaba zote? Na kwa nini gemu lile lilikubali kwa rafiki likakataa kwa mpwa wangu?

Jibu la swali la kwanza lina historia. Katika miaka ya 1990 programu nyingi zilipoingia kwenye kompyuta zilikuwa zikiweka maktaba zao katika folda moja ya pamoja, na mara nyingine programu mpya ilifuta maktaba mpya na kuweka ya zamani yenye jina lilelile. Ukisakinisha mchezo, programu yako ya hesabu inakufa. Ukitengeneza ya hesabu, mchezo unakufa. Wataalamu wenyewe waliiita hali ile jehanamu ya DLL. Windows 2000 ikaanza kuyalinda mafaili ya mfumo yasifutwe ovyo, na Windows XP ya mwaka 2001 ikaruhusu matoleo mbalimbali ya maktaba moja kukaa pamoja bila kugombana. Tangu hapo desturi ikawa kwamba kila gemu linakuja na vifurushi vya maktaba linazozihitaji, na kisakinishi chake huviweka kimyakimya wakati wa kulisakinisha.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali la pili. Mpwa wangu hakusakinisha gemu, alinakili folda. Rafiki yake, ili gemu lienee kwenye flashi, alikuwa ameiacha folda moja iitwayo Redist, akidhani ni takataka inayojaza nafasi. Folda hiyo ndiyo iliyokuwa na vifurushi vya maktaba. Kwa rafiki gemu lilicheza kwa sababu masufuria alikuwa nayo tangu zamani. Kwa mpwa wangu aliingia mpishi peke yake.

Sasa turudi kwenye mkasa. Kijana aliposubiri mjomba asiyefika, aliamua kujisaidia. Tena nia yake ilikuwa njema, kwani hakutaka fedha ya godoro iguswe. Akaandika jina la lile faili kwenye mtandao, akapata tovuti inayogawa mafaili ya DLL moja moja, bure. Akalipakua d3dx9_43.dll, akaliweka ndani ya folda ya gemu. Akabonyeza. Kidirisha kikabadilika: sasa kilisema programu imeshindwa kuanza, na kikatoa namba 0xc000007b.

Namba hiyo nayo ina maana. Magemu na maktaba zake huandikwa kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Gemu la biti 32 linataka maktaba ya biti 32, na la biti 64 linataka ya biti 64, ingawa jina la faili huweza kuwa lilelile. Nilipoanza kazi ya utangazaji, wazee wa maktaba ya redio walikuwa bado wanatunza kanda kubwa za kuzunguka. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ukiicheza kwenye mashine iliyowekwa mwendo wa sentimita 38, sauti ya mzee mzima hugeuka kama ya kinda la ndege. Kanda ni nzima, mashine ni nzima, ila haviendani. Basi 0xc000007b mara nyingi hutokea gemu la aina moja linapopewa maktaba ya aina nyingine. Kijana alikuwa ameokota faili la biti 64 kwa gemu la biti 32.

Na mtego uliopo ni huu, kwamba katika Windows ya biti 64 folda iitwayo System32 ndiyo inayotunza maktaba za biti 64, na zile za biti 32 hukaa katika folda iitwayo SysWOW64. Majina yamekaa kinyume na akili ya mtu. Ndiyo maana hata fundi mzoefu anayependa kubandika mafaili kwa mkono hujikwaa.

Mpwa wangu akaendelea kutafuta. Tovuti nyingine ikampa programu iliyojidai kutengeneza DLL zote kwa mkupuo mmoja. Maelezo yake yalimtaka aizime kwanza programu ya kinga virusi, kwa madai kwamba inasumbua. Akaizima. Windows ikamwuliza kama anairuhusu programu ile ifanye mabadiliko katika kompyuta. Akajibu ndiyo.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Programu ile haikutengeneza kitu. Ilikuwa mwizi aliyekaribishwa ndani na mwenye nyumba. Wezi wa namna hii hutafuta maneno ya siri ambayo mtu ameyahifadhi katika kivinjari chake cha intaneti na kuyapeleka kwa bwana zao. Baada ya siku mbili akaunti ya Facebook ya mpwa wangu ikawa mikononi mwa watu wengine, na ndugu wakaanza kupata ujumbe kwa jina lake na picha yake: nimekwama safarini, nisaidieni, fedha tumeni kwenye namba hii.

Wengi wetu tunaujua ujumbe wa tuma kwenye namba hii, tukaupuuza. Mama yangu mzazi hakuupuuza. Wajukuu walikuwa wamemfungulia Facebook ili aone picha za walio mbali. Alimwita kijana wa jirani, akamtuma kwa wakala na shilingi 40,000 alizokuwa ameuza kuku. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakupiga simu kwanza, alinijibu, "Mwanangu, sauti sikuisikia, lakini jina lilikuwa la mjukuu wangu na picha ilikuwa yake. Ningemkatalia vipi?"

Sikuwa na la kumjibu. Siku ileile nilipanda basi.

Nilichofanya nitakisema kwa mpangilio, ili anayesikiliza akiwa na tatizo kama hilo apate pa kuanzia.

Kwa kuwa mwizi alikuwa amekwisha kuingia, kazi ya kwanza haikuwa gemu. Kompyuta tuliitoa kwenye intaneti. Tukatumia simu yangu, wala si kompyuta ile, kubadilisha maneno yote ya siri, tukianza na ya barua pepe, kisha tukazifunga akaunti popote zilipokuwa zimefunguliwa. Tukawaarifu ndugu. Tukazinakili picha na barua za kijana kwenye flashi, mafaili ya programu tukayaacha palepale. Kisha, kwa sababu programu ile ilikuwa imepewa ruhusa kamili, tukaifuta diski na kusakinisha Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe.

Tulipomaliza ilikuwa usiku. Kijana akalirudisha gemu kutoka kwa rafiki yake, akalibonyeza. Mnajua kilichotokea? Kidirisha kilekile: d3dx9_43.dll halimo.

Naomba mafundi wanisikilize hapo. Wapo ambao dawa yao kwa kila ugonjwa ni kupiga Windows upya na kumtoza mtu elfu kadhaa. Windows mpya kabisa, iwe ya 10 au ya 11, haina faili hilo. Kijana aliniuliza swali ambalo wengi huliuliza: "Mjomba, kompyuta hii ina DirectX 12, imekuwaje iombe ya 9?" DirectX ni jumla ya maktaba za Microsoft kwa ajili ya picha, sauti na vifaa vya michezo, ya kwanza ilitoka mwaka 1995, na ya 12 ilikuja pamoja na Windows 10 mwaka 2015. Windows hizi za sasa zinayo DirectX 9 ya msingi, lakini hazina mafaili ya ziada ambayo magemu mengi ya miaka ile huyategemea, yale yanayoanza na d3dx9. Mafaili hayo yalikuwa na namba zinazopanda, na namba 43 ni ya mwisho. Yote yamo katika kifurushi kimoja cha Microsoft kiitwacho DirectX End-User Runtimes, cha Juni 2010. Kukisakinisha hakuishushi DirectX 12 yako. Huongeza tu yaliyokosekana.

Kifurushi hicho kizima ni karibu megabaiti 96, na nilikuwa nacho kwenye flashi. Ukikifungua, kwanza kitakuuliza folda ya kufungulia mafaili yake. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Bado. Ingia katika folda ile, tafuta faili liitwalo DXSETUP, ulifungue hilo. Ndilo linaloweka maktaba mahali pake, za biti 32 na za biti 64, bila wewe kukisia.

Tukafanya hivyo. Gemu likabonyezwa. Kikaja kidirisha kingine, sasa kikilalamikia MSVCR100.dll. Kijana akapiga meza. Nikamwambia, kasirika upendavyo, lakini soma jina. Jina limebadilika, maana yake hatua moja tumekwisha kuivuka.

Mafaili yanayoanza na MSVCR, MSVCP au VCRUNTIME ni ya ukoo mwingine, ukoo wa Visual C++, lugha na zana ambazo kwazo magemu mengi ya Windows huandikwa. Namba iliyo mbele ya jina ndiyo inayokuambia kifurushi cha kutafuta. Chukueni kalamu: 80 ni kifurushi cha mwaka 2005, 90 ni cha 2008, 100 ni cha 2010, 110 ni cha 2012, 120 ni cha 2013, na 140 ni cha 2015 pamoja na matoleo yaliyofuata, ambayo yote hutumia kifurushi kimoja. Vifurushi hivyo huitwa Visual C++ Redistributable, vinapatikana bure kwa Microsoft, na kile cha 140 hakizidi megabaiti 30. Kila kimoja kipo kwa namna mbili: x86 maana yake biti 32, na x64 maana yake biti 64. Ikiwa Windows yako ni ya biti 64, weka zote mbili, kwa sababu ndani ya kompyuta ya biti 64 magemu ya biti 32 bado yamo tele.

Tuliweka cha 2010, x86 na x64. Gemu likafunguka, magari yakanguruma, dada yangu akatoka chumbani kuuliza ni kelele za nini saa 6 ya usiku. Kazi ya maktaba yenyewe, ukiacha ile ya kumfukuza mwizi, haikuchukua nusu saa. Haikugharimu hata shilingi ya kifaa.

Sasa niongeze mambo machache kwa wenye matatizo yanayofanana na hilo.

Kabla hujapakua chochote, chungulia ndani ya folda ya gemu. Kwa magemu yanayonunuliwa kupitia Steam, mara nyingi utakuta folda iitwayo _CommonRedist, na humo mna vifurushi vyenyewe ambavyo gemu linavihitaji. Bando lako utakuwa umeliokoa. Steam pia ina sehemu ya kukagua mafaili ya gemu na kurudisha yaliyopotea, itumie.

Ukiambiwa VCRUNTIME140_1.dll halipo, nawe una hakika kwamba kifurushi cha 140 umekwisha kukiweka, basi ulichoweka ni cha zamani. Faili hilo liliongezwa na toleo la 2019. Chukua kipya.

Ukiona jina refu linaloanza na api-ms-win-crt, yaelekea kompyuta yako ni ya Windows 7 au 8. Maktaba hiyo Windows 10 inayo tangu mwanzo, lakini Windows za nyuma huipata kwa kusasishwa. Na Windows 7 Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo jambo la kufikiria hapo ni kubwa kuliko gemu.

Jina likiwa vulkan-1.dll, kawaida faili hilo huja pamoja na dereva wa kadi ya picha. Nenda kwa mtengenezaji wa kadi yako uchukue dereva mpya.

Kama ulikuwa umebandika DLL za kuokota kwenye folda ya gemu, zitoe kwanza kabla ya kuweka kifurushi. Nimekwisha kusema kwamba folda ya gemu hutafutwa mapema. Faili bovu likibaki pale, litachukuliwa hilo hata kama zima lipo kwenye mfumo.

Na ukifungua orodha ya programu zilizomo katika kompyuta yako, ukakuta Visual C++ za miaka mbalimbali zimejipanga kama watoto wa shule, usizifute kwa kudhani ni marudio. Kila moja ina programu inayoitegemea. Ukiondoa moja leo, kidirisha utakiona kesho.

Mwisho katika orodha hii, si kila gemu linalogoma limekosa maktaba ya Microsoft. Zipo nakala za wizi za magemu ambazo ndani yake faili fulani limebadilishwa ili kukwepa malipo. Kinga virusi huliona, hulitia kizuizini, na gemu hulia kwamba limekosa DLL. Hapo hakuna kifurushi cha kukusaidia. Ushauri wa kuizima kinga virusi ili gemu la wizi lipite ni ushauri uleule uliomwingiza mwizi nyumbani kwa dada yangu.

Ndugu wasikilizaji, niliahidi kuwajibu wazee wanaoona kwamba haya ni ya watoto. Vidirisha hivi haviji kwa gemu tu. Programu ya hesabu za duka, ya kuchora ramani za nyumba, ya kukata sauti kama ile ya studioni kwetu, zote hukopa masufuria kwa namna hiyohiyo. Gemu ni mahali ambapo kijana hukutana na tatizo hilo kwanza, kwa kuwa gemu ndilo analolipenda kiasi cha kukesha nalo. Tukimkaripia kwamba anapoteza muda, atakwenda kuuliza kwa asiyemjua. Mimi sikumkaripia, lakini nilimwambia subiri, halafu sikutokea. Mwisho wa yote ni uleule.

Kwa mafundi waaminifu, ambao ni wengi, ninalo ombi moja. Mteja akileta kompyuta, msomeeni kidirisha kwa Kiswahili kabla ya kutaja bei. Mwekeni vifurushi hivi, mtozeni ujira wa kazi yenu, hakuna atakayenung'unika. Na kwa vijana, kuuliza si ujinga. Jina la faili likitajwa, liandike kwenye karatasi. Usilitafute faili hilo peke yake. Uliza ni la kifurushi gani, na kifurushi hicho ni cha nani, kisha ukakichukue kwa mwenyewe.

Mpwa wangu yuko shuleni sasa, kidato cha tano, na godoro lake analo. Shilingi 40,000 za mama yangu hazikurudi. Nilimpelekea nyingine, akazipokea, lakini Facebook ameifuta katika simu yake, na picha za wajukuu anasubiri waje nazo mkononi. Kompyuta ile ipo kwa dada yangu. Kabla ya kuondoka, kijana alibandika ubavuni mwake karatasi yenye namba nilizowasomea, kuanzia 80 hadi 140, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: soma kwanza.

Kwa leo naomba kuishia hapo. Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo, wakati kama huu.